Ukuta Bikira

Mama Kavira alisimama mbele ya mulango wa parseli yake, furushi kichwani, na mutu asiyemujua akatoka ndani na burashi ya meno kinywani. Povu jeupe lilikuwa linashuka kwenye kidevu. Akamuuliza:

"Mama, unatafuta nani?"

"Natafuta kwangu, papa."

"Kwako wapi?" Yule mutu akatema chini. "Hapa ni kwangu. Niliuza. Niko na makaratasi yote."

Wenye Kiswahili cha pwani mutuvumilie: kwetu Goma parseli ni kiwanja na nyumba yake, njo ni ndiyo, kuuza ni kununua, na kuuzisha ni kutoa kitu chako mwingine akulipe. Yule mutu alikuwa anasema amenunua. Mama Kavira alisikia vizuri sana. Hakulia, hakupiga kelele. Aliweka furushi chini, akatazama ukuta wake, akautazama tena, kisha akaniona mimi. Nilikuwa pale pale na kitambaa mukononi, ninapangusa matope ambayo mapikipiki yalirusha juu ya picha yangu.

"Papa Anselemi," akasema, "maneno yangu iko wapi?"

"Iko chini, mama."

"Chini wapi?"

"Chini ya ziwa."

Na kwa sababu Mungu alinipa mudomo kuliko akili, nikaongeza: "Ilikuwa inaharibisha picha."

Ng'ambo ya barabara mama mumoja aliyekuwa anauzisha sambaza, samaki wadogo wa ziwa, akajipiga kofi kwenye paja. "Yee! Kumbe picha njo ilikula nyumba!"

Vijana wa penso, wa burashi ya rangi, ninyi muliniomba kumbukumbu za kazi. Masika, aliyekuwa sekretere wangu na leo ni prezida wenu, alinipa kaye mupya, daftari, na biki mbili za wino, akasema: "Papa, andika vile kazi ilikuwa, watoto wajifunze." Alifikiri nitaandika juu ya rangi. Nitaandika juu ya rangi pia, musiogope. Lakini kila nikitaka kuanza mahali pengine, mukono unarudi kwenye ule mulango. Basi nimeanzia pale, mujue mapema munasoma nani.

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa ine, na huo wa ine sikuumaliza. Vita ilifunga masomo mbele ya mutihani kufika. Kusema kweli, mutihani njo ulipona.

Kazi nilifundishwa na muzee Tewofili. Yeye alikuwa anaandika majina ya maduka: alimantasio za vyakula, saloni, famasi, vyote unavyoona vimeandikwa vizuri kwenye kuta za zamani pale mutaa wa Mapendo, jua kuna mukono wake chini. Ukuta wangu wa kwanza ulikuwa wa mukahawa mudogo. Niandike KARIBUNI WOTE. Nilianza na K kubwa kama kabati. Nilipofika kwenye T, ukuta ukaisha. Ikabaki KARIBUNI WOT. Mwenye mukahawa akasimama, akasoma, akaniuliza Wot ni nani, kama ni mukubwa fulani anayekuja kula kwake.

Muzee Tewofili hakunipiga. Alikaa juu ya kopo, akacheka mpaka akakohoa.

"Anselemi," akasema, "hesabu herufi mbele ya kufungua kopo. Weka alama ya ile ya mwisho, kisha rudi nyuma mpaka ya kwanza."

Tangu siku hiyo ninapima kwa kamba iliyopakwa vumbi la makala, makaa ya kupikia. Wawili wanaivuta, mumoja anaikamata katikati na kuiachilia kama uzi wa gita, inaacha mustari mweusi ulionyooka. Fanyeni hivyo. Simu zenu zenye kuonyesha mustari ni nzuri, lakini simu inazimika.

Alikuwa na sheria zingine mbili. Moja: "Mbele ya kufuta, soma. Ukisha kusoma, uliza mwenyewe, mwenye ukuta." Ingine ilikuwa juu ya godro, ile ya barabara, nyeusi, yenye kunata. "Godro haifi," alisema. "Ukiifunika na rangi ya maji, itapita. Ukiifunika na rangi ya mafuta, itangoja jua, kisha itapita." Hizi sheria mbili nilizijua kama Baba Yetu. Zote mbili nilizivunja kwenye ukuta mumoja. Mutaona.

Kuta za Goma munazijua: mawe ya volkano, meusi, yamejaa matundu. Ukipaka rangi moja kwa moja, ukuta unakunywa kopo tatu na bado uko na kiu. Piga kwanza sima, saruji, na muchanga laini. Ngoja ikauke, lakini si kukauka kwa macho: weka mugongo wa mukono wako pale, ukisikia baridi, rudi nyumbani. Kisha chokaa nyepesi, kisha rangi. Na anza juu, ushuke. Mimi mara moja nilianza chini. Nilimaliza miguu ya wacheza ngoma, nzuri sana, nikapanda kuchora vichwa, na rangi ya vichwa ikashukia miguu yote. Watu walipita wakisema ni ngoma mupya, inatoka Kinshasa.

Asosiasio yetu tuliianza wakati vita moja ilikuwa imetoka na nyingine haijaingia. Tukaiita Ukuta Wetu. Tulikuwa watu watano na ngazi moja, na mimi njo nilikuwa prezida kwa sababu ngazi ilikuwa yangu. Tulisema tutapamba kartié yetu, mutaa wetu, watu waone kitu kingine, si matundu ya risasi tu. Masika akaandika barua, tukapata karatasi ya kutambuliwa, tukachonga kashe, muhuri wetu. Ile kashe! Niliipenda kama mutoto wa kwanza. Niliipiga kwenye kila kitu, mpaka kwenye mwaliko wa ubatizo wa mutoto wa dada yangu. Padri aliushika ule mwaliko, akauliza kama sasa ubatizo unatolewa na asosiasio.

Lakini kazi yetu kubwa wakati ule haikuwa kuchora. Ilikuwa kufuta. Wenye bunduki wanaingia, wanaandika kwenye kuta. Wanatoka, wengine wanaingia, wanauliza: nani aliandika hivi? Futa! Tunafuta. Wanaandika yao. Wale wa kwanza wanarudi: futa! Tunafuta tena. Hakuna aliyetuuliza tunafikiri nini, na sisi tulijifunza kutofikiri, kwa sababu mutu wa chokaa anahitajiwa na kila upande, na anayehitajiwa anaachwa hai. Nilizika ndugu zangu wawili waliokuwa na maneno mengi. Mimi nilikuwa na chokaa. Katika Goma hii sijui kama kuna mutu aliyefuta maneno kuliko mimi. Mukono ulizoea: unaona neno, unatafuta kopo.

Picha, ndiyo, tulichora. Ya kwanza ilikuwa simba, kwenye ukuta wa uwanja wa mupira. Simba sijamuona siku hata moja. Mbuzi nilikuwa nimewaona. Mama mumoja kutoka milima ya Masisi, aliyekuwa amefika na wakimbizi, mutu aliyechunga ngombe maisha yake yote, alisimama akatazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa heshima kabisa:

"Papa, huyu mbuzi iko na mimba ya miezi ngapi?"

Ingine ilikuwa kambini, nje ya muji, wakati mabashi, maturubai ya wakimbizi, yalikuwa yamefunika mawe mpaka macho yanachoka. Watu wa misaada walituomba tuchore kwenye choo mupya picha ya kufundisha kunawa. Nikachora mukono mumoja, mukubwa, muzuri, vidole vitano vyote nilivihesabu, na maji yanashuka juu yake. Kesho yake hakuna mwanamuke aliyekanyaga kile choo. Siku ya pili vilevile. Nikafikiri ni mulango haufunguki. Nikaenda kuuliza. Mama mumoja akanivuta pembeni, akasema polepole, kama anayezungumza na mugonjwa:

"Papa, sisi tumekimbia vile vitu. Wewe unatuchorea mukono bila mutu. Mwenyewe iko wapi?"

Nilirudi na ngazi, nikamuongeza mwenyewe: bega, kichwa, kitenge, na mutoto mugongoni. Nilikosa nafasi ya miguu, lakini miguu hawakuidai. Shikeni hii: mbele ya kuchora, ujue macho ya wenye kutazama yalikwisha kuona nini.

Mutasema, huyu papa alijifunza. Hapana. Sasa tufike kwa Paluku.

Paluku alikuwa bwana ya Mama Kavira. Mutu wa kwetu, Butembo, mufanya biashara, anapanda na kushuka barabara na maharagi. Wiki mbili yuko, wiki tatu hayuko. Parseli yao ilikuwa kwenye barabara ya mapikipiki, Mapendo, na ukuta murefu uliopigwa sima safi, ukuta ambao kila mupenzi wa penso anapita akimeza mate. Paluku alijua vile parseli za watu zinauzishwa wenyewe wakiwa safarini. Ninyi pia munajua, munaona yale maneno ya kuzuia wanunuzi kwenye kuta za kila avenue. Basi siku moja watengeneza barabara waliacha pipa yenye godro. Paluku akafunga kitambaa kwenye fimbo, akachovya, akaandika kwenye ukuta wake:

PARSELI HII HAIUZISHWE

Maana yake hakuna wa kuitoa kwa mununuzi, mwenyewe hajakubali na hatakubali. Herufi zilikuwa mbaya, vijana! Kubwa, ndogo, zinapanda, zinashuka. S zake zote mbili alizigeuza, zikaangalia nyuma. Nilikuwa ninapita na ngazi yangu, nikamucheka.

"Paluku, S yako inakimbilia wapi?"

"Haikimbie, Anselemi. Iko inaangalia mwizi. Mwizi anatokea nyuma."

Kisha barabara ya Butembo ilimukula. Gari lilionekana. Maharagi hayakuonekana, na yeye pia. Kwa kuwa kaburi hakupata, Mama Kavira kila siku ya posho, Jumamosi, alikuwa anatoka na kitambaa, anapangusa vumbi juu ya yale maneno, herufi moja moja. Mimi nilimuona akifanya vile, zaidi ya mara moja. Musisahau kwamba nilimuona.

Vita ikashuka tena upande wa Rutshuru. Mama yake, muzee sana, alikuwa kule kule, kwenye muji wa Kiwanja. Mama Kavira akasema anaenda kumuleta, siku tatu tu. Ufunguo akamuachia shefu wa avenue, mukubwa wa serikali kwenye barabara yetu, kwa kuwa shefu ni shefu. Mimi akaniambia: "Papa Anselemi, utaniangalia ukuta."

Barabara ikafungwa nyuma yake. Tukasikia amepita mupaka wa Bunagana na muzee wake mugongoni, wako Uganda kambini. Kisha hatukusikia tena kitu.

Mimi nikaangalia ukuta, kama alivyosema. Nikauangalia sana. Nikaona unafaa picha.

Shefu wa avenue aliitwa na bado anaitwa Onorati Bahati. Ninaandika jina lake lote, na herufi nimezihesabu mbele ya kufungua kopo. Alikuja kwangu asubuhi, viatu vinang'aa. Mbele ya siku ile aliniita Anselemi, na akikasirika "wewe wa ngazi". Siku ile akaita kutoka barabarani: "Bonjour, Monsieur le Président!" Nyumba nzima ikasikia. Bibi yangu wa ndoa akatoa kiti.

"Prezida," akasema, "kuna wageni wakubwa watapita kwenye barabara yetu. Wataona nini? Yale maneno ya godro? Watasema avenue ya Onorati ni avenue ya wezi."

"Kweli, shefu, herufi ni mbaya."

"Ninyi muko na vipaji. Muweke pale picha. Ziwa. Kila mutu anapenda ziwa."

"Lakini mwenyewe hayuko."

"Ufunguo iko na nani?"

"Iko na wewe, shefu."

"Basi mwenyewe iko."

Akatoa karatasi kwenye mufuko, kwa Kifaransa, mistari saba. Masika, anayejua Kifaransa, alikuwa kambini. Ningesema, shefu, ngoja sekretere arudi. Mutu mwenye akili angesema hivyo. Lakini alikuwa ameniita Monsieur le Président, na Monsieur le Président hawezi kutosoma. Nikaivuta karatasi karibu na macho, nikatikisa kichwa mahali nilipofikiri panafaa kutikisa. Kati ya maneno yote nililijua moja: vierge. Mur vierge. Mimi ni mukatoliki mwana wa mukatoliki, la Vierge ninamuimba tangu utoto. Nikafurahi.

"Shefu, kumbe unataka tumuweke na Bikira Maria!"

Onorati akanitazama. Vile alinitazama, leo pia nikifunga macho ninamuona. Kisha akasema polepole: "Ndiyo, prezida. Bikira. Itapendeza."

Nikasaini. Nikapiga kashe. Mara mbili, moja kwa ajili ya Bikira.

Ule ukuta tuliupaka nyeupe mikono mitatu, moja juu ya nyingine, ndipo godro ikakubali kulala. Juu yake nikafanya ziwa la buluu, mawingu, volkano mbali na moshi wake. Na upande wa kulia, pale pale kwenye HAIUZISHWE, nikamusimamisha Bikira juu ya maji, mikono wazi. Uso wake ulitoka uso wa shangazi yangu wa Butembo, kwa kuwa uso mwingine wa mwanamuke mwenye huruma sikuwa ninaukumbuka vizuri. Muzee Tewofili alipita na fimbo yake, macho yalikuwa yamemuchoka. Akaweka kiganja kwenye ukuta, akanusa vidole.

"Chini kuna godro?"

"Ndiyo, muzee."

"Uliuliza mwenyewe?"

"Niliuliza shefu."

Akaenda bila kuniaga. Yeye aliyekuwa anaaga mpaka mbwa za watu.

Wageni walipita, sijui kama waligeuza vichwa. Hata mwezi haukuisha, yule mutu wa burashi ya meno akaingia kwenye parseli. Mimi nikafikiri ni mupangaji. Nilimusalimia. Siku moja aliniambia: "Papa, picha yako njo ilinifanya nipende hapa." Nikaenda nyumbani nimefurahi, nikamuambia bibi yangu vile sanaa inaleta watu.

Sasa munajua kile Mama Kavira alikuta siku ile na furushi lake.

Tulikaa kikao kwenye kiwanja cha Onorati, viti vya plastiki, avenue nzima imesimama nyuma. Mama Kavira alieleza kwa maneno machache. Yule mununuzi akasimama, na sitamuandika mubaya kuliko alivyo. Alisema: "Mimi nilitazama ukuta mbele ya kuuza, kila mutu wa Goma anatazama ukuta. Hakukuwa neno. Kulikuwa ziwa na Mama Maria. Ningewaza nini?"

Ikafika kwa Onorati.

"Mimi," akasema, "kwenye ukuta ule sijaona maneno hata siku moja."

Watu wakaguna. Mimi nikaruka. "Shefu! Wewe njo uliniambia niyafunike!"

"Prezida," akasema na sauti tamu, "mambo ya midomo tuache. Mukono wako iko hapa." Akatoa ile karatasi, akampa Masika. "Sekretere, wasomee, kisha uwafasirie."

Masika akasoma mpaka mustari wa tano, akasimama. Akanitazama kama mutu aliyekanyaga kitu.

"Papa... inasema wewe, prezida, unashuhudia kwamba ulikuta ukuta mutupu. Bila picha, bila neno. Mur vierge, papa, ni ukuta mutupu."

"Si Bikira?"

"Hapana, papa. Si Bikira."

Avenue nzima ilicheka. Ninawaambia, hata mimi ningekuwa upande ule ningecheka. Mutu muzima, ndevu zimeanza kuwa nyeupe, alisaini uongo kwa sababu aliona jina la Mama Maria. Kicheko kilikufa kwa sababu ya Mama Kavira. Hakucheka na hakukasirika. Alisema tu, akitazama ile kashe yangu niliyopiga mara mbili:

"Kumbe uliandika kwamba Paluku hakuandika."

Vijana, nilipigwa na mutu wa bunduki mara mbili katika maisha yangu. Nilikimbia na godoro la kulalia kichwani. Volkano ilinichukulia nyumba ya kwanza, na mabomu yakavunja paa ya pili. Hakuna kilichonikata kama yale maneno matano yaliyosemwa bila kelele.

Parseli ikabaki kwa yule mutu. Mama Kavira na muzee wake wako kwangu, kwenye chumba cha makopo, wanalala kati ya buluu na nyeupe. Kila asubuhi ananiletea chai. Ningependa anitukane. Ananiuliza: "Sukari inatosha, papa Anselemi?"

Kisha jua likafika, lile la kiangazi, linalopiga ule ukuta uso kwa uso kuanzia asubuhi. Nilikuwa ninapita, nikaona doa la kahawia kwenye kanzu ya Bikira. Nikafikiri matope. Nikapangusa, halikutoka. Nyuma ya wiki kupita doa lilikuwa limekunja mugongo kama nyoka. Nikarudi hatua tatu, nikaliona. S. Imegeuka, inaangalia nyuma.

Nilikaa chini kwenye mawe. Godro haifi.

Herufi zilitoka moja moja, kwanza zile za upande wa Bikira kwa sababu pale nilikuwa nimepaka nyepesi. H ikatoka juu ya maji. W kwenye mikono yake. Mbele ya mwezi kuisha ungesoma kutoka ng'ambo ya barabara: Bikira amesimama na HAIUZISHWE imemupita kifuani. Na watu wa kwetu munawajua. Mama wa sambaza njo alianza kufanya alama ya musalaba. Kisha wakaja watatu na rozari. Kisha wakaja wengi, wanapiga magoti kati ya mapikipiki, wanasema Mama Maria wa Mapendo anaongea, amekataa dhambi ya Onorati. Onorati, anayekaa benchi ya kwanza kanisani kila siku ya Mungu, akaanza kupitia barabara ingine.

Nitasema ukweli: nilitaka kunyamaza. Niliwaza, nikifunga mudomo, Bikira atamurudishia Mama Kavira nyumba, na kosa langu litageuka muujiza. Ni mimi niliyesaini kwa ajili yake, naye anilipie. Nikaenda kumuambia Mama Kavira nimefurahi. Alikuwa anachambua maharagi.

"Wacha waombe," akasema. "Lakini wewe waambie ni nani aliandika."

"Mama, wakijua ni godro wataondoka."

"Waondoke. Ulimufuta mara moja, papa. Usimufute mara ya pili, hata na Bikira."

Nikachukua ngazi. Nikapanda mbele ya wale wote wenye rozari, nikawaeleza: hapa chini kuna godro, aliyeandika ni Paluku, bwana ya Mama Kavira, tazameni S yake. Aliyefunika ni mimi. Kisha mama mumoja akasimama, magoti yamejaa vumbi:

"Wewe! Ulituchorea shangazi yako tukakuvumilia. Sasa unatunyima na muujiza?"

Wengine waliondoka. Lakini wazee wa avenue walibaki, wakasogea karibu, na mumoja akaweka kidole kwenye S, akasema: "Kweli. Hii ni ya Paluku. Nilimucheka mimi pia." Tangu siku hiyo hakuna mutu kwenye avenue anayesema maneno hayakuwako. Isipokuwa mumoja.

Yule mumoja alikuja kwangu na kopo mbili za rangi ya mafuta, viatu vinang'aa. "Monsieur le Président, ukuta unachafuka. Njoo ufunike."

Nikaenda ndani, nikachukua kashe, nikapeleka kwa Masika. Yeye alikuwa hayuko, nikaiweka kwenye sufuria yake. Hivyo njo nilipumzika kazi. Wengine wanapewa mukutano wa kuagwa na fanta.

Sasa ninasikia Onorati anatafuta watu wa kupiga sima mupya juu ya ukuta wote, kwa kuwa PARSELI HII nayo imekwisha kutoka majini na rangi imemushinda. Atakuja kwenu, vijana wa penso. Atawaita Messieurs. Ninyi mumesoma kuliko mimi, karatasi yake mutaisoma mpaka mwisho. Lakini mbele ya kufunika, musome ukuta vilevile. Ukisha kusoma, uliza mwenyewe: iko kwangu, kwenye chumba cha makopo, anachambua maharagi. Anayekubali kushika ile sima asiseme alikosa kujua. Ile nafasi ya kukosa kujua niliimaliza mimi.

Na wewe Onorati Bahati, ninajua kaye hii itakufikia. Yangu nimejibu. Nilifuta maneno ya mutu aliyekufa, nilisaini kitu ambacho sikukisoma, nilipiga kashe mara mbili, na niko tayari kuyarudia mbele ya yeyote anayeniita. Wewe uko na diplome, mimi niko na mwaka wa ine ambao haukuisha. Basi njoo. Asubuhi, watu wakiwa wanapita. Simama mbele ya ule ukuta, Mama Kavira akiwa karibu nawe, na usome. Ni maneno matatu. Kwa sauti, mama wa sambaza asikie. Kisha utuambie: ule ufunguo aliokuachia, ulimupa nani, na nani alikuruhusu?

Ukuta unakungoja, shefu. S zote mbili zinaangalia nyuma.